Wimbo wa Bibi Zulmira

"Washa wewe," Silvio alisema. "Mimi mikono inanitetemeka."

"Fundi mzima?"

"Fundi wa vitu vya watu. Hiki ni chetu."

Asia alikaa na lile neno la mwisho kidogo kabla ya kunyoosha mkono. Chetu. Miezi sita alikuwa akilisubiri litoke kwenye kinywa kile, na sasa lilikuwa limetoka kwa ajili ya kaseti ya plastiki ya manjano isiyozidi ukubwa wa kiganja. Haidhuru. Alilipokea hivyo hivyo.

Ilikuwa Ijumaa, watu wametoka msikitini, na mtaa wa Chikongola ulikuwa umerudia kelele zake. Upande mmoja wa banda la Silvio kulikuwa na fundi cherehani, upande wa pili muuza viungo aliyekuwa akipepeta binzari mpaka hewa yote ikawasha pua. Mlango ulikuwa wazi, umefungwa kwa kamba kwenye msumari wa ukutani. Hilo ndilo lilikuwa sharti la mama yake Asia: "Fanyeni hiyo kazi yenu, lakini mlango usijifunge hata kwa upepo."

Kwenye rafu zilipangwa mashine za gemu za zamani thelathini na kitu, zile za kuchomeka kaseti, ambazo watoto wa rika lao walizigombania sebuleni kwa jirani mwenye televisheni. Watu walizileta zitengenezwe, wakazisahau. Asia, ambaye siku za kazi aliandika karatasi za mizigo katika ofisi moja ya wakala wa forodha bandarini, aliingia humo mwezi wa pili kuleta rimoti ya mama yake. Akaziona. Akasema bila kufikiri, "Unajua kuna watu mpaka leo wanaziandikia hizi gemu mpya?"

"Watu gani hao wasio na kazi?"

"Kama mimi," alijibu, ingawa hakuwa ameandika hata mstari mmoja maishani mwake.

Wakaanza na mraba. Mraba mweupe kwenye kioo cheusi, basi. Wiki tatu nzima Asia alisoma maelezo ya watu wa mbali, akaandika amri moja moja kwenye kompyuta yake, huku Silvio akimweleza jinsi mashine ile inavyofikiri kwa ndani: ina kumbukumbu ndogo kama ya kuku, na kwenye mstari mmoja wa kioo inachora vitu vinane tu, cha tisa inakimeza. Siku mraba ulipokubali kwenda kushoto, Silvio alishika ukingo wa meza kama mtu aliyesikia jina lake likitajwa redioni. Hakusema kitu. Alimtazama Asia tu, macho yamejaa, na Asia akajua palepale kwamba mambo yake yameharibika, hatoki tena katika banda hilo akiwa mzima.

Sasa mraba ule ulikuwa mama aliyejifunga kanga, kikapu kichwani, akikimbia chini ya mikorosho kuokota korosho zinazoanguka kabla ngedere hawajafika. Silvio alichora. Asia aliandika. Na muziki ulikuwa wa Silvio, mwenyewe aliung'ang'ania.

Kaseti ya kuandikika ilikuwa imefika asubuhi ile kwa basi la Dar. Mpaka hapo gemu yao waliiona ndani ya kompyuta tu. Leo ndiyo mara ya kwanza iingie kwenye mashine yenyewe, na kesho yake, Jumamosi, ilitakiwa kwenda kwao Asia, Magomeni ya mji huo huo, si ya Dar, kusimama mbele ya Mjomba Jafari.

Kwa maana kwa Wamakonde mpwa ni wa mjomba. Baba yake Asia alikwisha kuoa kwingine huko Lindi, lakini hata angekuwepo, neno la mwisho lisingekuwa lake. Na mjomba alikuwa ameshasema, kutoka shambani kwake, kwa simu iliyowekwa sauti kubwa ili nyumba nzima isikie: "Naambiwa kijana ni Mmakua wa ng'ambo ya mto Ruvuma. Hilo tutalitazama. Lakini naambiwa pia anatengeneza vitu vya kuchezea watoto. Aje navyo. Siwezi kumpa mpwa wangu mtu nisiyeijua kazi yake."

Asia akawasha.

Kioo kikapiga chafya, kikatulia. Mikorosho ikatokea, ya kijani kibichi, na jua dogo la chungwa. Halafu wimbo ukaanza.

Silvio akakunja uso. "Mbona polepole?" Akahesabu kwa vidole, akacheka. "Ah. Mashine zetu huchora picha mara hamsini kwa sekunde. Kwenye kompyuta tulipima kwa sitini. Wimbo unafuata picha, picha ikichelewa nao unachelewa." Akasogea karibu na televisheni, uso wake ukalainika ghafla kama wa mtoto. "Lakini sikiliza, Asia. Hivi ndivyo bibi alivyokuwa akiuimba. Hasa hivi. Mimi ndiye niliyeukimbiza."

Asia alikuwa akisikiliza.

Kule kwenye kompyuta wimbo ule ulikuwa mwepesi, wa kurukaruka kama ngoma ya harusi, naye aliutikisia kichwa wiki nzima bila kuutambua. Sasa, ulipopunguza mwendo, ulivua nguo zile za kuazima ukasimama kama ulivyo. Asia alikuwa na miaka kumi na miwili aliposikia wimbo huo mara ya mwisho, katika nyumba iliyozungushiwa makuti, amefunikwa kanga mpya, na Bibi Mwanakombo, mama yake mama, nyakanga wa unyago wa upande ule wote, akiupiga kwa kiganja juu ya paja. Maneno yake hayasemwi nje ya nyumba ile. Na nje ya nyumba ile hakuna mwanamke anayekubali hata kwamba wimbo huo upo.

Kesho yake Bibi Mwanakombo angekuwa ameketi sebuleni. Macho yake yalikwisha kuchoka, lakini masikio yalisikia mpaka paka anavyokanyaga bati la jirani. Angeusikia wimbo wa wanawake ukitoka kwenye televisheni, mbele ya wajomba wawili, wake na wa Silvio, umeletwa na mwanamume. Angeuliza swali moja tu: nani kampa? Na wote sebuleni wangegeuza shingo kumtazama mtu mmoja.

"Mbona umenyamaza?" Silvio aliuliza. "Umeupenda mpaka ukakosa la kusema?"

"Uondoe."

"Nini?"

"Wimbo. Uondoe, Silvio. Weka mwingine, au usiweke kitu."

Alicheka, akidhani ni utani. Walizoea kutaniana, wiki iliyopita Asia alimwambia ngedere aliowachora wanafanana naye akisinzia. Lakini Asia hakucheka, na kicheko cha Silvio kikaisha chenyewe, kidogo kidogo.

"Umeharibika wapi? Niambie nirekebishe."

"Haujaharibika."

"Basi?"

"Siwezi kusema."

"Huwezi au hutaki?"

Asia alitazama nje. Fundi cherehani alikuwa ameacha kukanyaga, ishara kwamba anasikiliza. "Siwezi," alirudia, kwa sauti ya chini. "Kama unaniamini, uondoe tu."

"Asia, huu wimbo ni wa bibi yangu."

"Najua."

"Hujui. Nilikuambia jina lake tu. Mama yangu alinizaa akafa, nikachukuliwa na Bibi Zulmira, aliyekuwa amevuka akahamia Mahurunga, kule mto unakokaribia bahari. Sina picha yake. Sina kanga yake, walizigawana. Nina huu. Tena nusu tu, kwa sababu sehemu ya mwisho sikuwahi kuipata." Aliuimba kwa kuguna, pale unapopanda, na pale ulipokatika akainua mikono mitupu. "Hapa. Hapa kila siku naishia hapa. Najua kuna mbele, nimeutafuta mbele yake miaka ishirini."

Asia aliuma ulimi. Mbele yake alikuwa nayo. Ilikuwa imekaa kooni mwake wakati ule ule, yote, na mpando wake na mteremko wake, na hata pale ambapo wanawake huvuta pumzi kwa pamoja. Kitu pekee duniani ambacho mwanamume huyu alikitamani zaidi yake yeye, naye alikuwa nacho, na asingeweza kumpa leo wala siku watakapozeeka.

"Samahani," alisema.

"Samahani ya nini?" Silvio alikaa kwenye kigoda, akamtazama kwa muda, na Asia akaona wazo baya likimwingia machoni kama maji yanavyoingia ndani ya ngalawa yenye tundu. "Ah. Nimeelewa."

"Hujaelewa."

"Ni Kimakua. Kesho watu wenu watasikia sauti ya ng'ambo ya mto inatoka kwenye televisheni yao, sebuleni kwao. Wewe unataka nifike pale nimeoshwa."

"Silvio."

"Si ndivyo alivyosema mjomba wako? Mmakua wa ng'ambo, hilo tutalitazama. Nilidhani ni yeye peke yake."

"Usiniambie maneno hayo."

"Basi niambie wewe mengine. Niambie sababu moja, hata ya uongo, nitaichukua."

Angeweza. Uongo ulikuwa mwepesi, angesema unamkumbusha msiba fulani, yakaisha. Lakini hakutaka kumzika Bibi Zulmira wa watu kwa uongo.

"Wewe ni mwanamke wa kuona haya," Silvio alisema taratibu. "Unanipenda mlango ukiwa wazi kwa fundi cherehani tu. Kwenye mlango wa kwenu unataka nivue nilichotoka nacho."

Machozi yalimjia Asia akayarudisha. Alianza kukusanya vitu vyake, kompyuta, waya, daftari lililojaa tarakimu zao. Silvio alimtazama akifunga mkoba, akasema kwa hasira ya mtu anayetaka azuiwe, "Si una kompyuta? Maandiko yote yako humo. Ufute mwenyewe basi, uniletee kaseti safi. Nani atakukataza?"

Hilo nalo Asia alikuwa ameshalifikiria. Ni mistari arobaini tu. Dakika mbili.

"Sifuti," alisema. "Nikiufuta mimi nitakuwa nimekuibia. Uondoe wewe au uuache. Kaseti ni hiyo hapo."

Alifika mlangoni akasimama, mkono kwenye ile kamba. Nyuma yake wimbo ulikuwa umefika pale unapokatikia, ukarudi mwanzo, ukaanza tena. Alijua anachotaka kufanya kiko kwenye ukingo wenyewe wa kiapo cha unyago, kidole kimoja kikiteleza amekwisha.

"Bibi yako alikuwa akiuimba wapi?"

"Jikoni. Akitwanga." Silvio hakuinua uso.

"Babu yako alikuwa hai?"

"Alikuwa hai. Hayo ni maswali ya polisi?"

"Babu alipoingia jikoni, ilikuwaje?"

"Ilikuwaje nini?"

"Kakumbuke tu," Asia alisema. "Usinijibu mimi."

Akatoka. Fundi cherehani aliinamia kitambaa chake kwa bidii kubwa, na juu ya pedali hapakuwa na mguu.

*

Jumamosi saa tisa alasiri walifika. Mzee Selemani, mjomba wake Silvio, alikuwa amevaa koti juu ya kanzu na kubeba nusu gunia la mchele mpya wa bonde la Ruvuma, akitembea polepole kwa sababu ya goti. Silvio alikuja nyuma yake na mashine ndani ya mfuko wa rambo. Shati lake lilikuwa limepigwa pasi mpaka mistari inakata. Alisalimia kila mtu kwa zamu yake. Alipofika kwa Asia alisalimia mkeka.

Wanaume walikaa kwenye makochi. Wanawake walikaa chini, upande wa korido, Bibi Mwanakombo katikati akihesabu tasbihi, mama yake Asia kulia kwake, Asia kushoto. Asia hakuwa amekula tangu jana. Mama yake, Rukia, alidhani ni haya ya mwali, akamfinya goti kumpa moyo.

"Haya," alisema Mjomba Jafari, mtu mnene mwenye mikono iliyoungua mafuta ya korosho tangu ujana. "Kijana, nasikia kazi yako inaonekana kwenye televisheni. Wengine wanaoonekana humo ni wanasiasa na waimbaji. Wewe uko kundi gani?"

"Mimi naonekana kwenye kaseti tu, mzee wangu."

"Chomeka tuone."

Silvio alipiga magoti mbele ya televisheni. Asia alitazama kisogo chake, zile nywele alizonyoa asubuhi, shingo aliyoitamani miezi sita bila kuigusa hata kwa bahati mbaya. Alijisemea: kama ataucheza, sitakana, sitamkimbia. Watauliza nani kampa, nitanyamaza, na wafikirie watakavyo. Lakini alijua maana ya kunyamaza hapo. Asingeolewa na huyu, na mama yake asingeitwa tena kwenye unyago wowote kuanzia hapo mpaka Newala.

Kaseti ikaingia. Kidole cha Silvio kikakaa juu ya swichi, kikakaa zaidi ya inavyohitaji swichi.

Kioo kikapiga chafya. Mikorosho. Jua la chungwa.

Kimya.

Yule mama wa kanga alisimama chini ya miti yake akisubiri, na kitu pekee kilichosikika kilikuwa korosho zikianguka moja moja: to, to.

Asia alizihesabu mpaka tano, na wimbo haukuja.

"Sauti imekufa?" Mjomba Jafari alichukua rimoti akapandisha mpaka mwisho. To. To.

"Haijafa," Silvio alisema. Bado alikuwa amepiga magoti, uso ameuelekeza sakafuni. "Ilikuwa na wimbo, mzee wangu. Wa bibi yangu aliyenilea. Jana nilikaa nikakumbuka kwamba alikuwa akiuimba jikoni, lakini babu akiingia tu, anaukata. Kila mara. Mimi nilikuwa mtoto mdogo, nikadhani anasahau. Sasa nimekua. Basi nami nimeukata."

"Babu yako hakupenda nyimbo?"

"Jafari," alisema Bibi Mwanakombo.

Neno moja. Mjomba Jafari alifunga mdomo, na Mzee Selemani akaanza kukohoa bila kuwa na kikohozi. Wanaume wa upande ule wanajua mahali pa kuacha kuuliza.

Tasbihi ilikuwa imesimama. Mama yake Asia alikuwa ameelewa pia. Asia alihisi vidole vya mama yake vikikaza kwenye goti lake, safari hii kwa woga. Bibi aligeuza uso kuelekea ilikotoka sauti ya Silvio.

"Kijana. Aliyekukumbusha hayo nani?"

Hapo ndipo palipokuwa na kisu. Asia alifumba macho.

"Hakuna aliyenikumbusha, bibi. Kuna mtu alinikasirikia tu."

"Akakuambia sababu?"

"Hapana."

"Ulimwuliza?"

"Nilimwuliza mpaka nikamtukana." Sauti ya Silvio ilikwaruza. "Nilimwambia anaona haya kwa ajili yangu. Nilimwambia maneno ambayo leo sina uso wa kumtazamia. Alikuwa na uwezo wa kuufuta mwenyewe, asiufute. Alikuwa na uwezo wa kunidanganya, asinidanganye. Aliondoka na matusi yangu, na neno hakuniambia."

Korosho ziliendelea kuanguka. Mkono mkavu wa Bibi Mwanakombo ukapapasa mkeka upande wa kushoto, ukakuta mkono wa Asia, ukaufunika. Hakumgeukia. Aliubana mara moja tu, kwa nguvu ambayo Asia hakudhani bado anayo.

"Huyo bibi yako aliitwa nani?"

"Zulmira. Wa Mahurunga."

"Mungu amlaze pema. Alilea." Tasbihi ikaanza tena kutembea. "Rukia, wape watu chai. Na wewe Jafari, si ulisema unataka kuiona kazi? Kazi hiyo hapo inakungoja, watu wanaiba korosho zako."

Mjomba Jafari alipewa pedi ya kuchezea, ile yenye vitufe. Mwanzo aliishika kama mtu aliyepewa mtoto wa mwenzake. Yule mama wa kanga alikimbia akajigonga kwenye mti, akarudi, akajigonga tena.

"Kushoto, mzee wangu. Kitufe cha kushoto."

"Naona, naona. Huyu nani anashuka?"

"Ngedere."

Ngedere alishuka, akanyakua bibo, lile tunda la mkorosho, akalila, akaitupa korosho chini. Mjomba Jafari akasimamisha vidole. Akamgeukia Silvio, na kwa mara ya kwanza tangu waingie akamtazama usoni.

"Nani kawaambia kwamba anakula bibo anaacha korosho?"

"Mpwa wako ndiye aliyeandika hiyo sehemu," Silvio alisema. "Mimi nilichora ngedere anakula vyote. Akanikatalia siku mbili. Alisema mjomba wake akiona, ataizima."

"Ningeizima," mjomba alikubali, akarudi kwenye kioo. "Gemu ya mtu wa mjini asiyejua hilo ningeizima."

Chai ilikuja na mihogo ya kuchemsha. Ilipoa. Mzee Selemani alieleza ukoo, akaeleza kuvuka mto, akaeleza kwamba kijana jina lake la shule ni Silvio na la msikitini ni Salumu, na Mjomba Jafari akaitikia kila sentensi kwa "eeh" bila kugeuza shingo. Mara tatu yule mama wa kanga alifika kwenye mkorosho wa mwisho, na mara tatu ngedere wawili wakamzunguka.

"Mzee mwenzangu," hatimaye Mzee Selemani alisema, "mimi nina goti, na njia ni ndefu. Tuondoke na jibu gani?"

Mjomba Jafari aliweka pedi chini, akapangusa viganja kwenye kanzu. Sura yake ya shambani ikamrudia.

"Jibu ni hili. Sasa hivi ni Agosti, wiki chache korosho zinaanza kuanguka kwelikweli, na mimi siozeshi mtu wakati wa korosho. Tutazungumza mahari msimu ukiisha, Januari. Mpaka hapo, mpwa wangu asikanyage Chikongola. Mlango uwe wazi, uwe umefungwa, asikanyage. Watu wakishaleta posa hawakai pamoja kama wauza duka."

Miezi mitano. Asia alisikia furaha na pigo kwa wakati mmoja, wala hakujua kipi kimetangulia. Silvio aliinamisha kichwa.

"Nimesikia, mzee wangu. Naomba basi nichomoe mashine."

"Mashine unapeleka wapi?"

"Nyumbani."

"Mashine inabaki. Mwenye mali atarudi kuifuata." Akaiokota pedi. "Tena ukirudi usije mikono mitupu, uje na mshenga."

Mzee Selemani alicheka mpaka akashika goti. Kutoka korido mama yake Asia alipiga kigelegele kifupi, cha kuanzia tu, akakikata kwa kanga.

Asia alipewa kazi ya kuwasindikiza mpaka barazani, hatua sita, kwa kuwa Bibi Mwanakombo alisema viatu vya wageni havijipangi vyenyewe. Mzee Selemani, mtu mwema, aligundua kwamba lazima akaangalie kama gari la kukodi limefika. Silvio aliinama kufunga kamba za viatu. Alizifunga, akazifungua, akazifunga.

"Nilikutukana," alisema.

"Ulinitukana."

"Nilikuwa nimekaa peke yangu pale bandani, nikamwona kabisa. Bibi, na mchi juu hivi, mdomo wazi, na kivuli cha babu mlangoni. Nikataka nikukimbilie mpaka huku Magomeni."

"Ungekuja ungefukuzwa."

"Ningefukuzwa nimekuona." Alinyanyuka. Walikuwa karibu kuliko walivyowahi kuwa katika banda lile, harufu ya pasi kwenye shati lake ikimfikia. "Sitakuuliza tena. Hata tukifika miaka themanini. Lakini na wewe uniambie kitu kimoja tu."

"Kipi?"

"Unao? Mwisho wake?"

Asia alimtazama. Hakutikisa kichwa, hakuitikia, hakupepesa. Aliyaacha macho yake kwenye macho ya Silvio mpaka Silvio mwenyewe akavuta pumzi ndefu, kama mtu aliyeambiwa kwamba aliyempoteza yu hai katika nyumba asiyoruhusiwa kuingia.

"Basi," alisema kwa sauti nyembamba. "Uko salama. Yatosha."

"Tunga mwingine," Asia akamwambia. "Wako mwenyewe."

"Nitakusikilizishaje? Umekatazwa banda."

"Nimekatazwa mimi. Kaseti mjomba hajaikataza."

Tabasamu lilimjia Silvio polepole, kuanzia macho. Kutoka barabarani Mzee Selemani aliita kwamba gari limefika tangu zamani. Silvio alirudi nyuma hatua moja, ya pili, bila kugeuka, akagonga nguzo ya baraza kwa bega, akaomba radhi nguzo, akaondoka.

Asia alisimama mpaka vumbi likatua. Aliporudi ndani, chai ilikuwa imetolewa, Bibi ameegemea ukuta, na Mjomba Jafari yuko palepale, ulimi umetoka kando ya mdomo, akimkimbiza yule mama wa kanga kuelekea mkorosho wa mwisho. Mbele ya televisheni, pale Silvio alipokuwa amepiga magoti, mkeka ulikuwa bado umebonyea mahali pawili. Asia akaenda akaketi juu yake.

"Sogea, mwanangu," mjomba alisema. "Unanizibia kioo."

Asia hakusogea.